Mwanga Unaojua pa Kukomea

Fundi wa kuchomelea pale Maili Moja, Kibaha, akitia maji kwenye mawe ya kabaidi hupata asetilini, gesi ya kukatia chuma. Ukivuka kwenda Kisarawe, ndizi zikivundikwa shimoni kwa moshi, kinachoziivisha ni ithilini: iliyomo kwenye moshi na inayotolewa na ndizi zenyewe. Wapo wachuuzi wanaofukia kabaidi kwenye matenga ya maembe, kwa kuwa asetilini huifanya kazi hiyohiyo. Siwezi kuwatetea, kabaidi hiyo huja na masalia ya aseniki.

Gesi hizi mbili hupishana kwa atomi mbili tu za hidrojeni. Asetilini ikiongezewa mbili inakuwa ithilini. Ikiongezewa nyingine mbili inakuwa ithani, isiyoivisha ndizi wala kuungana yenyewe kuwa plastiki. Viwanda vya plastiki duniani vinaijua adha hiyo. Ithilini yao hutoka na asetilini kidogo, na hiyo kidogo inatosha kuua kichocheo cha kuundia polithini. Basi huipitisha kwenye paladiamu, pamoja na hidrojeni na joto, mpaka asetilini ibaki sehemu chache katika milioni. Lakini hidrojeni ikishaanza haikomi kirahisi, na ithilini nzuri nayo hugeuka ithani.

Mwaka 2022 kundi la Emily Weiss wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilichapisha njia ya mwanga. Kitu kinachonasa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huikabidhi elektroni molekuli yenye kobalti katikati. Asetilini hujishika kwenye kobalti, hupokea elektroni, huchukua protoni kutoka kwenye maji, kisha huachia ikiwa ithilini. Na hapo hukomea: asilimia 99 au zaidi ya kilichopatikana kilikuwa ithilini, bila kupasha joto wala kuleta mtungi wa hidrojeni. Kobalti yenyewe ipo kwa jirani zetu Kongo, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ilhali paladiamu ni ghali na adimu.

Gesi asilia yetu Tanzania, ya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani, isiyogeuzwa ithilini kirahisi, kwa hiyo kiwanda cha ithilini mkoani Pwani bado kiko mbali. Jua tunalo, na viwanda vya Kibaha vinaongezeka. Kinachonisumbua katika njia hiyo ya mwanga ni chanzo cha elektroni. Katika majaribio hayo zilitoka kwenye kemikali inayoteketea kadiri kazi inavyoendelea, na hakuna kiwanda kitakachomudu kuinunua kila siku. Maji yakiweza kutoa elektroni kama yanavyotoa protoni, hesabu yote itabadilika.