Je, Wajua? Anayeichosha Kompyuta Yako Huenda Si Unayemdhania

Je, wajua kwamba jina linaloonekana kula prosesa kuliko yote kwenye Windows ni la kazi isiyokuwepo? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Details, kisha bofya CPU ili orodha ijipange. Kompyuta ikiwa imetulia, juu kabisa utaikuta System Idle Process na 95 au 97 yake. Wengi hushtuka hapo. Kumbe namba hiyo ni sehemu ya prosesa iliyokaa bure: 97 maana yake ni kwamba asilimia 3 tu ndiyo inayofanya kazi. Ikishuka hadi 10 na kubaki hapo, ndipo uanze kumtafuta mchawi.

System interrupts nayo si programu. Kila unapobonyeza kitufe, kila data inapoingia kwenye kadi ya mtandao, kifaa husika huikatiza prosesa ili kihudumiwe, na Windows huujumlisha muda wa kukatizwa huko chini ya jina hilo. Kwa kawaida hukaa karibu na sifuri. Ukiona imeganda kwenye asilimia 20, shuku kifaa au draiva yake. Chomoa vitu vya USB kimoja baada ya kingine, modemu, flashi, kipanya, macho yako yakiwa kwenye namba. Ikiporomoka ghafla, umempata mhusika.

Vipi kuhusu svchost.exe iliyojaa kwenye orodha, mistari hata 70? Zamani huduma nyingi za Windows zilibanana ndani ya michakato michache ya jina hilo. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 hutenganisha nyingi kati ya huduma hizo, kila moja na mchakato wake. Wingi huo ni msaada kwako, maana sasa unaweza kuona huduma ipi hasa ndiyo inayolemea. Cha kuangalia ni makazi: bofya jina kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location. Ikifunguka nje ya folda ya Windows, hapo una haki ya kuogopa.

Kwenye Mac kuna kernel_task, ambayo hujitwalia prosesa kwa makusudi. Mojawapo ya kazi zake ni kudhibiti joto: prosesa ikichemka, huishikilia ili programu nzito zisipate nafasi ya kuichemsha zaidi. Ukiiona juu, usitafute namna ya kuiua. Itoe kompyuta kitandani, iweke mezani panapopita hewa. Wala usishangazwe na 250 kwenye Activity Monitor, kwa sababu hapo kila kiini cha prosesa huhesabiwa 100 yake. Kompyuta ya viini 8 yaweza kufika 800.

Je, wajua kwamba prosesa yako inaweza kufanywa kibarua wa mtu usiyemjua? Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019, huduma iliyoitwa Coinhive iliwawezesha wenye tovuti kupachika msimbo uliotumia prosesa za wageni wao kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Ulifungua ukurasa usome habari, feni ikaanza kulia, na umeme uliolipia wewe ukamzalishia mwingine. Huo ni wizi, hata kama mfukoni mwako hamkutoka shilingi. Coinhive ilifungwa, mbinu haikufa. Baadhi ya programu hasidi za uchimbaji huchungulia kama Task Manager imefunguliwa. Ukiifungua tu zinanyamaza, ukiifunga zinarudi kazini. Feni inayotulia kila unapokuja kuchunguza ni dalili nzito. Endesha ukaguzi wa Microsoft Defender, hasa ule unaofanyika kompyuta ikijiwasha upya, kabla Windows haijaanza.

Hata Mars shida ya kazi za chinichini imefika. Chombo cha Pathfinder kilitua huko tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshikilia njia ya mawasiliano ya ndani ambayo kazi kubwa iliihitaji. Kabla haijaiachia, kazi za kipaumbele cha kati ziliipokonya prosesa. Kubwa ikangoja, ikachelewa, na mlinzi wa mfumo akaamua kuwasha kila kitu upya. Wahandisi walilizalisha tatizo lilelile kwenye nakala ya chombo hapa duniani, wakapata dawa: mwenye kushikilia kitu kinachohitajiwa na mkubwa aazimwe kipaumbele cha huyo mkubwa hadi amalize. Marekebisho yakatumwa, na chombo kikatulia.

Na tarehe 2 Julai 2019, kanuni moja tu ya kutafuta maandishi, iliyoandikwa vibaya, ilizipandisha prosesa za kampuni ya Cloudflare karibu asilimia 100 dunia nzima. Tovuti nyingi zinazopitia kwake zilikwama kwa dakika 27.

La mwisho ni la kila siku. Kompyuta mpakato iliyofungwa wiki mbili ikiwashwa, masasisho, Defender na uorodheshaji wa faili hukurupuka kwa pamoja, kwa kuwa kazi hizo hupangiwa muda wa utulivu na muda huo haukupatikana. Ichomeke kwenye umeme, iache nusu saa bila kuigusa, uangalie tena. Prosesa ikiwa bado juu, andika jina la mchakato na asilimia yake, umpelekee fundi. Akikuambia mara moja kwamba dawa ni kupiga Windows upya, mwombe kwanza akueleze jina hilo ni la nini.