Leseni ya shimo ina jina la nani? Uliza hivyo hivyo kuhusu tovuti yako

Na Mwandishi Wetu, Geita

MCHIMBAJI mdogo yeyote wa Geita au Kahama anajua swali la kuuliza kabla hajaweka fedha kwenye duara: leseni ina jina la nani? Unaweza kugharamia mbao, pampu, mafuta na posho za vijana kwa miezi sita, lakini kama leseni ni ya mtu mwingine na hamkuandikiana, wewe ni mgeni tu pale. Siku mwenye leseni akibadili mawazo, unabeba pampu yako na kuondoka.

Swali hilo, ambalo hata kijana anayeanza kazi kwenye karasha analijua, mara nyingi haliulizwi na mfanyabiashara anapompa fundi wa kompyuta fedha ili amtengenezee tovuti. Analipa, anaonyeshwa kurasa zenye picha ya duka lake, anafurahi, anachapisha anwani hiyo kwenye kadi na kwenye ubavu wa gari. Jina limesajiliwa kwa nani, kwa msajili gani na linakwisha lini, hajui. Makala haya yanahusu hasa jambo hilo, kwa sababu mengine yote kuhusu tovuti yanarekebishika kwa fedha kidogo, lakini hili likiharibika linaweza kuondoka na jina la biashara.

Kwanza tuelewane juu ya vitu vinavyouzwa. Tovuti ina sehemu tatu, na kila moja ina mwenyewe na ankara yake. Kuna jina, ambalo wataalamu hapa nchini huliita kikoa, yaani ile anwani inayoishia na .co.tz au .com. Kuna hifadhi, yaani nafasi kwenye kompyuta kubwa inayowaka usiku na mchana, iitwayo seva, ambako kurasa zako hukaa ili mteja azione saa yoyote. Na kuna kurasa zenyewe, maneno na picha, ambazo ndizo kazi ya fundi. Fundi akikutajia bei moja kwa "tovuti nzima", mwambie aigawe mara tatu. Akishindwa kuigawa, tafuta mwingine.

Hifadhi ni sawa na fremu ya duka: unapanga, ukichoka unahama. Kurasa ni sawa na rangi na rafu. Jina ni kama leseni. Halinunuliwi moja kwa moja. Unalipia haki ya kulitumia kwa mwaka mmoja au zaidi, na usipolihuisha linarudi sokoni ambako mtu mwingine anaweza kulichukua. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka saba, na mwenye leseni akilala, wapo wanaosubiri. Kwenye majina ya tovuti pia wapo wanaosubiri, na wengine hawako hata Tanzania.

Asidhani mtu kwamba usahaulifu huu ni wa wadogo tu. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina la passport.com, lililokuwa likitumika kuwaingizia wateja wake kwenye barua pepe za Hotmail. Huduma iliwakatikia watu wengi siku za Krismasi, mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Nashville, Marekani, alipolilipia yeye kwa dola 35 za mfukoni mwake. Mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo ikaliachia pia jina la hotmail.co.uk. Microsoft ilipata mtu mwema. Mwenye duka la vipuri Katoro asitegemee bahati hiyo.

Kwa majina ya Tanzania, rajisi ilianza kama tzNIC, chombo kilichoanzishwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA. Mfanyabiashara haendi rajisi kununua. Anakwenda kwa msajili aliyeidhinishwa, na wasajili wako wengi, wakishindana kwa bei. Biashara hutumia .co.tz, taasisi zisizo za faida .or.tz, vyuo .ac.tz, na hoteli zina .hotel.tz kwa wanaoipenda. Yupo atakayeuliza kama .com si bora zaidi. Kwa anayeuza mchele Kahama au mikanda ya karasha Geita, jibu letu ni .co.tz kwanza, kwa sababu mnunuzi anaona papo hapo kwamba biashara ni ya hapa, na ugomvi ukitokea utasikilizwa hapa. Ukiwa na uwezo chukua yote mawili ili tapeli asilichukue lililobaki.

Wakati wa kusajili, sehemu ya mwenye jina iandikwe jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, na barua pepe ya mawasiliano iwe yako wewe mwenye mali, si ya fundi wala ya mpwa wako aliyeko chuoni. Barua pepe hiyo ndiyo inayopokea taarifa kwamba muda unakwisha, na ndiyo inayopokea namba ya siri ya kuhamisha jina kwenda kwa msajili mwingine. Mwenye barua pepe hiyo ndiye mwenye jina, hata kama fedha umetoa wewe. Wala isiwe barua pepe iliyo chini ya jina lenyewe, kwani jina likikatika nayo inakatika, na taarifa ya kukatika hutaiona.

Mara nyingi fundi hana nia mbaya. Anasajili kwa akaunti yake kwa sababu ni rahisi, ana wateja ishirini, anawalipia wote pamoja. Kisha anapata kazi Dodoma, anabadili laini ya simu, na mwaka unaofuata jina linakwisha. Mwenye biashara anagundua pale mteja anapomwambia barua pepe yake inarudi. Hapo ndipo hasara inapoanza kuonekana, maana kwenye ukanda huu barua pepe ndiyo njia ya maombi ya bei.

Hapa inafaa tueleze kwa nini jambo hili lina uzito zaidi Geita na Shinyanga kuliko mahali pengine. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na kwa miaka mingi malalamiko ya wafanyabiashara wa hapa yalikuwa kwamba hata nyanya na ovaroli zinatoka mbali. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zilipotoka mwaka 2018, migodi ikatakiwa kuzipa kampuni za Watanzania kipaumbele katika manunuzi. Kanuni imefungua mlango, lakini ofisa manunuzi bado anataka kujua anazungumza na nani. Zabuni za Serikali nazo zimehamia kwenye mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na huko pia bila barua pepe inayofanya kazi huendi popote.

Ofisa huyo akipata bei kutoka kwa anwani yenye jina la kampuni, anaweza kufungua tovuti, akaona mahali ulipo, unachouza na namba ya TIN. Akipata bei kutoka anwani ya bure yenye jina la utani na tarakimu nne, hana cha kukagua. Hatusemi tovuti inaleta zabuni. Bei na mzigo ndivyo vinavyoleta zabuni. Tovuti inazuia usiondolewe kwenye orodha kabla bei yako haijasomwa.

Kuhusu hifadhi, watu wengi huuliza: hapa nchini au nje? Kampuni za nje hutangaza bei ndogo sana ya mwaka wa kwanza, na wengi hushtuka mwaka wa pili bei ikipanda; soma bei ya kuhuisha, si ya kuingilia. Malipo ni kwa dola na kwa kadi, kwa hiyo shilingi ikiyumba nawe unayumba. Hifadhi ya ndani hulipiwa kwa shilingi, mara nyingi kwa simu, na tatizo likitokea unapiga namba ya Dar es Salaam na kuongea Kiswahili. Aidha, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya nchi nzima ilizorota. Siku kama hizo, tovuti iliyoko ndani haihitaji kupita baharini kumfikia mteja wa ndani. Kwa mwenye wateja wa hapa tunaegemea hifadhi ya ndani. Mwenye nyumba ya wageni inayopokea wakandarasi kutoka nje anaweza kuamua vingine.

Popote uweke, uwe na nakala. Machi 10, 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na tovuti zilizozimika zilihesabiwa kwa mamilioni. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi. Baadhi ya waliodhani nakala ni kazi ya mwenye jengo walipoteza kila kitu. Mwambie fundi akupe nakala ya kurasa zote kwenye flashi kila baada ya miezi mitatu, na uifungie kwenye sefu pamoja na hati nyingine. Wazo la kuweka seva yako mwenyewe nyuma ya duka liache. TANESCO ikikata umeme umefunga tovuti.

Ukubwa wa nafasi usikutishe. Tovuti ya kurasa tano na picha ishirini inatosha kwenye nafasi ndogo kabisa inayouzwa. Kosa la kawaida ni picha zilizotoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja na megabaiti nne au tano. Mteja aliyeko Ushirombo na bando la kubana hatazisubiri. Fundi azipunguze kila moja iwe chini ya kilobaiti 200. Cheti cha usalama, kile kinachoweka alama ya kufuli kwenye anwani, kinapatikana bure tangu mwishoni mwa 2015, kwa hiyo usikubali kutozwa fedha nyingi kwa ajili yake. Na usikikose, kwani tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome humwambia mteja kwamba tovuti isiyo nacho si salama.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano, si bei ya duka lolote: jina shilingi 30,000 na hifadhi shilingi 120,000 kwa mwaka, fundi shilingi 400,000 mara moja. Mwaka wa kwanza ni shilingi 550,000, na baada ya hapo shilingi 150,000 kila mwaka, sawa na shilingi 12,500 kwa mwezi. Muuza vipuri anayepata faida ya asilimia 10 anahitaji oda ya shilingi milioni 5.5 iliyokuja kwa njia hiyo ili arudishe fedha zake za mwaka wa kwanza. Kwa anayelenga migodi, oda kama hiyo si ndoto. Kwa mama mwenye mgahawa Katoro ni ndoto, naye tunamshauri asitumie senti: ajiandikishe bure kwenye ramani ya Google na afungue WhatsApp ya biashara, ambayo ipo tangu mwaka 2018.

Lakini asiyepita kiwango hicho cha mgahawa asikae kwenye WhatsApp na Instagram pekee. Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika kwa pamoja kwa karibu saa sita duniani kote, na walioweka biashara yote humo walikaa mikono mitupu. Ukweli wa upande wa pili pia usemwe: intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, tovuti haikumsaidia mtu. Daftari lenye namba za simu za wateja halijapitwa na wakati.

Mambo mawili ya sheria yanahitaji kuangaliwa kabla kurasa hazijawekwa hewani. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, kwa hiyo nyumba za wageni zilizozoea kuandika dola ziandike shilingi. Na kama tovuti inakusanya majina na namba za wateja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka wakusanyaji wajisajili kwenye Tume yake.

Kwa wanaofanya biashara ya dhahabu yenyewe, tahadhari ni kubwa zaidi. Tangu soko la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mahali pa kuuzia panajulikana na leseni za madalali na wanunuzi hutolewa na Tume ya Madini. Bei ya wakia ilipopita dola 4,000 Oktoba 2025, vishawishi navyo viliongezeka. Tovuti inayotangaza kilo za dhahabu kwa bei ya chini kumvutia mgeni aliyeko nje ni alama ya utapeli, na dalali halali anayeiga mtindo huo anajichafua mwenyewe. Angalia pia majina yanayofanana na lako, yenye sifuri badala ya herufi o. Ankara yenye namba ya benki ya mwizi hupita humo.

Aliyekwishajengewa tovuti anaweza kuanza leo. Aandike jina lake kwenye huduma ya whois ya rajisi ya .tz, aone msajili ni nani na tarehe ya mwisho ni lini. Kisha ampigie fundi simu wakiwa bado marafiki, amwombe ahamishe usajili kwenye akaunti yake na ampe maneno ya siri ya hifadhi kwa maandishi. Fundi mwaminifu hamalizi siku mbili. Kwa anayeanza upya, orodha ya wasajili walioidhinishwa hutolewa na rajisi hiyo hiyo. Aulize bei kwa wasiopungua watatu, ya kuingia na ya kuhuisha.