Mkono wa mzee wa baiskeli unasema nini barabarani?

MZEE anayeendesha baiskeli, gunia la makaa likiwa kwenye keria, anaponyosha mkono wa kulia, dereva aliye nyuma anaelewa mara moja kwamba anakata kona kulia. Lakini akiunyosha mkono huo huo na kuuzungusha hewani kinyume cha mwendo wa saa, dereva kijana huenda akadhani anasalimiwa, au anaambiwa 'pita tu'. Kumbe mzee anasema anaingia kushoto!

Msomaji mpenzi, hili si suala la polisi wa trafiki pekee. Ni suala la semiotiki. Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, aliainisha ishara katika makundi matatu: zinazofanana na kirejelewa, zinazokielekeza moja kwa moja, na zile ambazo maana yake hutegemea makubaliano ya jamii. Mkono ulionyoshwa huelekeza. Mkono unaozungushwa ni makubaliano matupu, na asiyefunzwa makubaliano hayo hawezi kukisia maana yake.

Sasa, kwa nini mkono wa kulia useme kushoto? Jibu limo ndani ya gari. Zamani magari hayakuwa na taa za indiketa, na katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Uingereza na Kenya, dereva huketi kulia. Mkono uliokuwa na dirisha ni huo mmoja tu, basi ukabebeshwa ujumbe wote. Marekani mambo ni kinyume: dereva huketi kushoto, hivyo mkono wa kushoto uliokunjwa kiwikoni na kuelekezwa juu ndio unaosema 'nakata kulia'. Waendeshaji baiskeli walirithi ishara hizi za magari ilhali baiskeli haina mlango wala dirisha! Huko Marekani, majimbo mengi sasa yanamruhusu mwendeshaji baiskeli anyoshe tu mkono wa kulia.

(Kwa Kiswahili, mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Wazee wa pwani huuita pia mkono wa kuume, na wa kushoto wakauita wa kike.)

Ishara ya kupunguza mwendo ina utata wake. Mwendeshaji hunyosha mkono, kiganja kikitazama chini, akaupandisha na kuushusha taratibu. Lakini kwetu kiganja kinachotazama chini hutumiwa pia kumwita mtu kwa adabu. Anayesubiri kando ya barabara anaweza kudhani ameitwa, akaingia barabarani.

Vijiani hali ni nyingine. Huko mzee hupiga kengele, akageuza kichwa, na waendao kwa miguu wakajua anakoelekea. Kichwa nacho huelekeza, hakihitaji mkataba.

Kwa maoni yangu, ishara ya kuzungusha mkono tuwaachie wanahistoria. Anayeingia kushoto na anyoshe mkono wa kushoto. Hata hivyo, shule za udereva ziendelee kuifundisha maadamu wazee wanaoitumia wangali barabarani, kwa sababu mzee wa miaka sabini hatabadilisha mazoea yake kwa kusoma gazeti. Madereva pia wakumbuke kwamba mkono unaotoa ishara umeacha usukani na breki. Mwenye mzigo mzito hataunyosha kwa muda mrefu: atauonyesha kitambo kidogo kabla ya kona, kisha aurudishe kwenye breki ndipo akate.