Vitumbua vya Mchele Wenye Pumba

Katika nyumba nyingi siku hizi imo blenda, nayo hufanya kazi ya maji ya matunda tu. Yafaa itusaidie na chakula cha asubuhi.

Pumba ya nafaka twawapa kuku, tukidhani haina kitu. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, alipokuwa Java katika miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakapona. Baadaye ikajulikana ya kuwa walipungukiwa na vitamini B1. Naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Basi twaa vikombe viwili vya mchele wa kahawia, ulioondolewa kumbi tu. Uoshe, uuloweke usiku kucha. Alfajiri mwaga maji, tia katika blenda kikombe kimoja cha tui zito kwanza, ndipo mchele kidogo kidogo, na hamira kijiko kimoja cha chai, sukari na iliki. Saga hata rojo likiguswa kwa vidole lisiwe na chenga. Mashine ikipata moto, ipumzishe. Mimi, kwa haraka zangu, niliwahi kuloweka kwa saa moja tu. Vitumbua vikawa kama vyenye mchanga, watoto wakaenda shule na njaa, na mama yao hajaacha kunikumbusha.

Liache rojo liumuke kama saa moja, kisha mimina katika chuma cha vitumbua chenye mafuta kidogo, moto wa wastani. Upande wa chini ukiiva, vigeuze.