Karatasi ya Damu na Moto wa Mapafu

Jiji la Kigali lilipofungwa tena kuanzia tarehe 19 Januari, 2021, hospitali mpya ya Wilaya ya Nyarugenge, iliyojengwa Nyamirambo, ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa Korona. Tangu siku hizo nyumba nyingi zimezoea maneno ambayo zamani yalikuwa ya maabara tu. Jamaa wa mgonjwa huambiwa kwamba "CRP imepanda", na kwa kuwa hawajui ni kitu gani kilichopanda, hurudi nyumbani na hofu mara mbili.

Yafaa basi ieleweke kwamba virusi peke yake si mara zote ndivyo vinavyoua. Mwili ukivamiwa huwasha moto wake wa kujikinga, ambao waganga huuita mchochota: mishipa hufunguka, chembe nyeupe hukimbilia mahali penye adui, joto hupanda. Kila mama wa Biryogo anayepikia makaa anajua kwamba moto wa kiasi huivisha maharage, lakini jiko likiachwa kwenye upepo huunguza chungu pia. Katika homa kali ya mapafu, hasa baada ya wiki ya kwanza, moto huo waweza kukataa kuzimika. Vifuko vya hewa hujaa maji, na oksijeni haipiti tena kuingia katika damu.

Mapafu hayawezi kufunguliwa yakatazamwa, lakini damu hubeba habari zake. Chembe za kinga hutoa kijumbe kiitwacho interlukini 6, nalo ini likikipokea hutengeneza kwa wingi protini ya CRP. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 mjini New York na William Tillett na Thomas Francis, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Nao waliona kwamba mgonjwa akipona hutoweka. Mtu mzima asiyeumwa kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 10 katika lita moja ya damu. Katika Korona kali hupita 100. Mchochota ukizimika, kiasi kilichomo hupungua kwa nusu katika saa 19 hivi, na kwa sababu hiyo vipimo viwili vya siku mbalimbali humfaa daktari kuliko kimoja.

CRP haiko peke yake. Ferritini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi madini ya chuma, nayo hupanda. Limfositi, ambazo ni aina ya chembe nyeupe, hupungua. Na D-dima huonyesha kwamba damu imekuwa ikigandana na kuyeyushwa. Katika wagonjwa 191 wa Wuhan, China, ambao habari zao zilichapishwa Machi 2020, wale walioingia hospitali wakiwa na D-dima iliyozidi maikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Hata hivyo karatasi hiyo haitaji jina la ugonjwa. Malaria hupandisha CRP. Kifua kikuu hupandisha, na jipu vilevile. Zamani ilisemwa kwamba CRP kubwa ni dalili ya bakteria, na ndogo ni ya virusi. Korona kali iliivuruga kanuni hiyo, na wagonjwa wengi duniani wakapewa viuavijasumu ambavyo havikuwa na kazi ya kufanya. Mwenye homa Nyamirambo bado hana budi kupimwa malaria, hata kama anakohoa.

Jambo la hatari zaidi ni la duka la dawa. Tarehe 16 Juni, 2020, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la RECOVERY kuhusu deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei rahisi. Kati ya wagonjwa 100 waliopumua kwa mashine, walikufa kama 41 bila dawa hiyo, na 29 walipoipata. Kwa waliopewa oksijeni tu, vifo vilishuka kutoka 26 hadi 23. Lakini wasiohitaji oksijeni hawakufaidika hata kidogo, kwani kuuzima moto mapema ni kumnyang'anya askari silaha adui angali mlangoni. Anayemeza vidonge hivyo kwa kikohozi cha siku mbili anajitafutia balaa, hata kama CRP yake imepanda kidogo.

Tosilizumabu, inayokizuia kijumbe cha interlukini 6, ilijaribiwa kwa waliopungukiwa oksijeni na ambao CRP yao ilifika 75 au zaidi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wagonjwa mahututi Julai 2021. Bei yake si ya kila hospitali.

Nyumbani, kipimo cha kwanza ni pumzi. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi bila kuhema, au ambaye midomo yake inageuka rangi, apelekwe hospitali usiku huo huo bila kungojea majibu ya damu. Karatasi za vipimo vya awali zifungwe pamoja na kadi ya mituweli, maana daktari wa zamu atataka kulinganisha tarakimu za jana na za leo.