Shule ya Lugha Mbili Ng'ambo: Wazazi Waulize Nini?



Siku hizi si ajabu kikundi kuwa na mwanachama mwenye mtoto au mkwe anayefanya kazi ng'ambo. Mnamo tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba mjini Berlin ili Wakenya wenye ujuzi waweze kwenda kufanya kazi huko kwa njia halali. Mara nyingi mmoja hutangulia, kisha baadaye huita mwenzake na watoto. Hapo ndipo simu hulia kijijini: "Mama, watoto tuwatie shule ya Kijerumani ama ya Kiingereza?" Na pengine ombi la pesa hufuata.

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili tukitumia mfano wa Ujerumani, ndiposa mkishauri, mshauri mkijua.

Sheria ya huko

Ujerumani kwenda shule ni lazima kuanzia miaka 6 hivi. Mzazi haruhusiwi kumweka mtoto nyumbani na kumfundisha mwenyewe. Shule za serikali hazitozi karo, na masomo ni kwa Kijerumani. Katika mji kama Berlin, mtoto mgeni asiyejua lugha anaweza kuwekwa kwanza katika darasa la wageni, ajifunze Kijerumani, halafu ahamie darasa la kawaida.

Jambo moja wazazi wengi hawaambiwi mapema. Katika majimbo mengi ya Ujerumani, watoto hugawanywa baada ya darasa la 4, wakiwa na miaka 10 hivi, waende shule za sekondari za aina mbalimbali. Berlin na Brandenburg hungoja hadi darasa la 6. Shule inayoitwa Gymnasium ndiyo njia ya moja kwa moja ya kufika chuo kikuu. Njia zingine zipo, lakini ni ndefu. Basi mtoto akifika akiwa na miaka 9 bila Kijerumani, muda wake ni mfupi sana.

Aina tatu za shule

1. Shule ya serikali ya Kijerumani. Haina karo, na mtoto hupata lugha ya majirani haraka.

2. Shule ya serikali ya lugha mbili. Berlin ilianzisha shule za namna hii mwaka wa 1992, zinaitwa shule za Ulaya. Kijerumani huenda pamoja na lugha nyingine, kama Kiingereza, Kifaransa, Kihispania au Kituruki. Masomo hugawanywa nusu kwa nusu, na darasani huchanganywa watoto wa lugha zote mbili ili wafundishane hata kwa kucheza. Karo hakuna. Lakini nafasi ni chache, na mtoto hupimwa lugha kabla ya kuingia.

3. Shule ya kibinafsi. Zingine ni za lugha mbili, zingine huitwa za kimataifa na hufundisha karibu kila kitu kwa Kiingereza. Nyingi za kimataifa hutoza zaidi ya Euro 10,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mshahara wa muuguzi mwenye watoto wawili hauwezi kubeba mzigo huo, halafu ulipe nyumba na kutuma kitu nyumbani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuandikisha

- Tutakaa huku miaka mingapi? Anayekaa miaka miwili na anayehamia kabisa hawachagui shule moja. Wa kukaa lazima mtoto wake ajue Kijerumani vizuri.
- Mtoto ana umri gani? Wa chekechea ana nafasi ya kuanza polepole. Wa miaka 13 anahitaji msaada wa ziada tangu siku ya kwanza.
- Ni masomo gani yanafundishwa kwa lugha gani? Shule ikisema ni ya lugha mbili, mzazi aombe ratiba aone. Vipindi viwili vya Kiingereza kwa wiki havifanyi shule iwe ya lugha mbili. Hilo ni somo tu kama masomo mengine.
- Walimu wa kila lugha wanaijua kama lugha yao, ama wamejifunza juzi juzi?
- Akimaliza hapa, ataendelea wapi? Shule nyingine ya lugha mbili iko karibu?
- Gharama zote ni ngapi? Karo, chakula, usafiri na safari za darasa.

Kuongea si kusoma

Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alieleza kwamba mtoto mgeni huweza kuzungumza na wenzake vizuri baada ya miaka miwili hivi. Lakini lugha ya vitabuni, ya kueleza hesabu na sayansi, huchukua kama miaka mitano hadi saba. Kwa hivyo mzazi asione mtoto anacheka na wenzake uwanjani akasema kazi imekwisha. Tena asikate tamaa alama zikiwa chini mwaka wa kwanza. Mtoto si mjinga. Anabeba mizigo miwili, somo na lugha ya somo.

Lugha ambayo hakuna shule itafundisha

Hapa ndipo tunataka vikundi vifikirie sana. Hiyo shule ya lugha mbili, lugha zake ni zipi? Ni Kijerumani na Kiingereza. Kiswahili hakimo, wala Kikamba, wala Kiluhya. Wazazi wengine huacha kuongea lugha yao wakiogopa kuwachanganya watoto. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto aliyeshika vizuri lugha ya kwanza huwa na mahali pa kuegemeza lugha zingine.

Kupoteza lugha ni hasara ya kweli. Mjukuu akipigiwa simu na nyanya, anasema "hallo" kisha anampa mama yake simu. Na familia ikirudi Kenya, mtoto atakuta mtaala wa umilisi, ule CBC ulioingia mahali pa 8-4-4, na Kiswahili bado ni somo la kutahiniwa. Ataanzia wapi?

Katika Biblia, Danieli na wenzake walifundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo, wakafaulu kuliko wengine. Hata hivyo hawakusahau walikotoka wala Mungu wao. Elimu ya ugenini si adui. Kinachotakiwa ni nyumbani pasisahauliwe.

Kazi hii ni yetu tuliobaki. Babu na nyanya wapange siku ya simu kila wiki, waongee na wajukuu lugha ya nyumbani tu: hadithi, vitendawili, nyimbo za Sunday School. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili viwekwe kwa mzigo wa yeyote anayesafiri. Gharama yake ni ndogo kuliko karo ya wiki moja ng'ambo.

Ya kujadili katika kikundi

1. Tukiombwa mchango wa karo ya ng'ambo, je, tumeuliza kwanza kama kuna shule ya serikali isiyo na karo?
2. Ni wajukuu wangapi wa wanachama wetu hawawezi kuongea nasi? Tutaanza lini kuwapigia?
3. Kijana wetu anayejiandaa kwenda, ameanza kuwafundisha watoto lugha ya huko wakiwa bado hapa?

Katibu aandike majibu, na swali la tatu lisingoje mkutano ujao.