Kwa Nini Ankara ya Maji Hupanda

Katika nyumba za kupanga za mijini, karatasi chache huzusha ugomvi kama ankara ya maji. Mpangaji wa chumba cha mbele husema kuwa yeye hafui kila siku. Wa uani hujibu kwamba hana mtoto mchanga. Mwishowe deni hugawanywa sawasawa, na asiyeweza kulipa hurudia kununua maji ya ndoo. Dira ya maji iliyofungwa karibu na mlango haiulizwi, ingawa ndiyo iliyohesabu mwezi mzima.

Dira nyingi za majumbani zina gurudumu dogo lenye mapanga. Maji yapitapo huyasukuma mapanga hayo, gurudumu huzunguka, na meno yake huhesabu mizunguko na kuigeuza kuwa ujazo. Kwa kawaida tarakimu nyeusi huonyesha mita za ujazo, ambazo watu huziita uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Sehemu za uniti huonyeshwa kwa rangi nyekundu.

Chombo hiki kina udhaifu wake. Pale ambapo maji hutoka kwa mgawo, mabomba hujaa hewa. Maji yarudipo, hewa hiyo husukumwa mbele kwa kasi na kulizungusha gurudumu, hata dira ikahesabu kitu kisichonyweka. Kwa upande mwingine, dira iliyochakaa huzunguka kwa uzito na aghalabu huhesabu pungufu. Hivyo familia iliyofungiwa dira mpya yaweza kuona ankara imepanda, hali matumizi yake ni yale yale. Hapo si lazima kuwe na hila. Aghalabu dira ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiwapendelea.

Hata hivyo, mwizi mkubwa zaidi mara nyingi yumo ndani ya nyumba. Tuchukue tangi la choo ambalo mpira wake umelika, likavujisha nusu lita kwa dakika. Mvujo huo ni mwembamba, hausikiki mchana. Kwa saa hutoka lita 30, kwa siku lita 720, na kwa siku 30 lita 21,600, yaani uniti 21.6. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, hutumia uniti 9 tu kwa mwezi. Choo kimewashinda wote sita zaidi ya mara mbili! Wanafunzi waweza kuchunguza jambo hili nyumbani kwao: bomba zote zifungwe usiku, tarakimu za dira ziandikwe, zile nyekundu zikiwamo, kisha zisomwe tena alfajiri kabla mtu yeyote hajachota. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja mahali fulani baada ya dira.

Sababu nyingine imo katika bei yenyewe. Katika miji kadhaa, Nairobi ikiwa mmojawapo, bei ya uniti hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyoongezeka, kwa kusudi jema la kumwezesha maskini kupata maji ya lazima kwa bei nafuu. Lakini ngazi hizo huhesabiwa kwa dira, si kwa familia. Tuseme uniti 6 za kwanza ni shilingi 40 kila moja, na zinazozidi ni shilingi 60. Familia yenye dira yake ikitumia uniti 5 italipa shilingi 200. Familia nne kama hiyo zikichangia dira moja zitatumia uniti 20, nazo zitadaiwa shilingi 240 na 840, jumla 1,080. Kila moja italipa 270 kwa maji yale yale.

Nayo bei ya msingi hutegemea safari ya maji. Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto Ruvu, nje ya jiji, na maji hayo husukumwa kwa pampu. Kuinua uniti moja kimo cha mita 100 huhitaji umeme unaozidi kidogo robo ya kilowati-saa, bila kuhesabu msuguano wa mabomba na upotevu katika pampu. Maji yanayovuja njiani yamekwisha kula umeme na dawa. Ikiwa katika kila uniti 100 zinazosukumwa 40 hupotea ardhini, kila uniti inayouzwa hubeba gharama ya kusukuma uniti moja na theluthi mbili.